Litungu Lililopika Maharage

Watu wa Kinawataka, nyuma ya soko la Nakawa mjini Kampala, wakitaka kumsifu Anena husema ana subira. Maji yakikatika siku tatu, Anena husubiri. Mumewe Lawrence akisimulia kisa kilekile cha gwaride kwa mara ya arobaini, Anena huitikia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kanisani wamempa na jina, Mama Subira, naye hulipokea kwa kuinamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu. Lakini Anena mwenyewe anajijua. Ile si subira. Ni woga uliokaa mpaka ukaota mvi, na watu, kuona mvi, wakauamkia shikamoo.

Kwa maana mwenye subira ya kweli hangekaa miaka arobaini na mitano na neno moja kooni, neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelitamka kwa pumzi moja: Mama, litungu lako nililipikia maharage.

Sasa mwenye litungu alikuwa amekufa. Mwaka ulikuwa umetimia, familia inaandaa ibada ya kumbukumbu, na Jumamosi Mjomba Masinde, mdogo wake marehemu, angefika kutoka Bungoma, Kenya, kulichukua litungu la baba yao alirudishe nyumbani. Na wa kumkabidhi, kwa uamuzi wa familia nzima, ni Anena. Nani mwingine? Si ndiye aliyelitunza?

Mama Nasike, mama mkwe wake Anena, alivuka mpaka wa Malaba mwaka wa hamsini na mbili akimfuata mume aliyekuwa fundi wa reli. Alikuja na sufuria kichwani, mimba changa tumboni, na litungu kwapani. Litungu ni kile chombo cha nyuzi cha Wabukusu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, fito mbili zimesimama, na mti mmoja umekingama juu wa kufungia nyuzi saba. Kwa desturi ya kwao wapigaji ni wanaume. Mwanamke anaweza kucheza mpaka visigino vikauke, lakini vidole vyake visiguse uzi. Nasike aligusa. Watu wa kwao waliokuwa wakikaa kwenye nyumba za reli kule Nsambya walipoanza kuguna, aliwaambia, "Ni la baba. Amenipa kwa mkono wake. Mwenye neno aende Bungoma akamuulize."

Nauli ya Bungoma ilikuwa kubwa kuliko lile neno. Watu wakanyamaza, wakacheza.

Aliishi Kampala miaka sabini na mmoja. Alizaa watoto watano, akazika wawili na baba yao, akalea wajukuu mpaka akaacha kuwahesabu. Kila mtoto aliyezaliwa alitungiwa wimbo wake kabla kitovu hakijadondoka, na ukikosa adabu ukiwa mkubwa, bibi hakukuchapa. Alikupigia wimbo wako mbele ya wageni, polepole, mpaka ukaona aibu mwenyewe. Lawrence, kifungua mimba, alipigiwa litungu kiasi kwamba alikua akiamini kazi ya mtu duniani ni kupiga kitu au kukipuliza. Akajiunga na polisi, akaenda moja kwa moja kwenye bendi, akapuliza tarumbeta miaka thelathini, hata sikio lake la kushoto likastaafu kabla yake.

Anena aliletwa na Lawrence mwaka wa sabini na saba. Alikuwa binti wa askari kutoka Kitgum, amesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe alilisoma mpaka mwezi wa sita tu. Kibukusu hakujua hata cha kuombea maji. Nasike naye hakujua Kiacholi. Kilichobaki katikati yao kilikuwa Kiswahili, na Kiswahili cha Anena kilikuwa cha kambini, cha kuamrishia watu. Kwa hiyo siku ile mama mkwe alipoingia mlangoni, Anena alipiga magoti kwa adabu zote za kwao, akateremsha macho, akasema kwa sauti nyororo kama asali:

"Kaa chini haraka! Kula, hakuna kuongea!"

Nasike alikaa haraka. Hakuongea. Ila kicheko kilimtoka puani pamoja na chai.

"Lawrence," alisema alipopata pumzi, "mke nilikuambia utafute. Sajini nani alikuambia?"

Tangu hapo jina la Anena katika nyumba ile likawa Sajini, na alilivaa kwa fahari miezi minane kabla ya kuuliza maana ya mzaha wenyewe.

Mwaka wa sabini na tisa, mwezi wa tatu, Nasike aliitwa Bungoma kumzika mama yake. Alikuwa mjane tayari, akiishi na Lawrence na mkewe katika kambi ya polisi Naguru. Litungu alimwachia Anena.

"Litunze kama mtoto, Sajini."

"Ndiyo, mama."

Mtoto mwenyewe, Teresa, alikuwa na miezi miwili, na Anena alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hakuna jambo asilolijua.

Nasike hajarudi, vita vikafika mjini. Mpaka ukafungwa. Lawrence na wenzake wakapelekwa upande wa Jinja, na hakuna aliyejua kama wamepelekwa kupigana au kupuliza tarumbeta. Kambi ikabaki na wanawake wachache na mvua. Anena alikuwa na gunia la maharage ambalo Lawrence aliliacha kama urithi. Makaa hakuwa nayo, na kuni zote za Naguru zilikuwa zimelowa.

Nani atakuambia kwamba maharage si chakula cha vita? Muhogo utauchoma kwa majani. Posho ya unga utaikoroga kwa mwali wa magazeti. Lakini maharage yanataka mtu mwenye makaa na mipango, na Anena hakuwa na hata kimoja. Alichoma kigoda. Alichoma rafu ya vyombo. Alichoma fremu ya picha ya harusi, picha akaibandika ukutani kwa uji. Alichoma mlango wa choo, na kwa wiki mbili majirani waliosalia walilazimika kuimba wakiwa ndani ili wenzao wajue kuna mtu. Kila siku maharage yalitokota kidogo, yakakaa vilevile, magumu kama mawe ya kuchezea bao.

Maziwa yakaanza kumkauka. Teresa alinyonya, akaachia, akalia. Kisha asubuhi moja hakulia. Alimtazama tu mama yake, kimya, kama mtu mzima aliyekwisha kuelewa.

Hapo ndipo Anena alipoangalia ukutani, pale litungu liliponing'inia.

Alianza na ule mti wa juu tu. Alijiambia, mti ni mti, nitatia mwingine. Ulikuwa mkavu, umekaa juu ya moshi wa nyumba miaka na miaka, ukawaka vizuri mno. Kusema kweli Anena hajawahi kuona tena kuni nzuri namna ile, na kwa kulifikiria hilo pia hajajisamehe. Maharage yakabaki na kiini kigumu. Akatia zile fito mbili. Bado. Basi, maji alikuwa ameshayavulia nguo. Akatia bakuli, ngozi na yote. Ngozi ikanukia nyama choma, na Anena, Mungu amsamehe, mate yakamjaa mdomoni.

Maharage yaliiva. Alikula sufuria nzima huku akilia, na katikati ya kilio akainuka kwenda kutafuta chumvi.

Maziwa yakarudi siku ya pili. Teresa akaanza kupiga kelele, na kwa maoni ya Anena hajanyamaza mpaka leo.

Mwezi wa sita mji ulitulia, habari ikaja kwamba mama yuko njiani. Anena alikimbia Nakawa kwa mzee Ondiek, fundi wa vigoda, mtu wa upande wa Kisumu ambaye watu walisema aliwahi kuchonga vyombo vya muziki kwao. Jina la kitu lilimpotea kwa hofu, akaeleza kwa mikono.

"Bakuli hivi. Fito zinasimama hivi. Nyuzi zinashuka hapa."

"Nyuzi ngapi?"

Anena alikuwa amelifuta vumbi litungu miaka miwili. Hakuwahi kuhesabu. "Za kutosha," alisema.

"Za kutosha ni nane," alisema Ondiek. "Usiniambie zaidi, shemeji. Kitu unachotaka nakijua tangu nikiwa mtoto. Njoo Ijumaa."

Malipo yalikuwa nusu ya maharage yaliyobaki. Ijumaa Anena alikichukua, akakining'iniza juu ya sigiri ya makaa siku tatu kiwe cheusi, akakipaka samli, akakirudisha kwenye msumari wake ukutani. Kutoka mlangoni, ukiwa umefumba jicho moja, kilifanana sana.

Nasike alifika, Lawrence akiwa bado hajarudi. Kwanza alimbeba Teresa, akampima uzito kwa mikono, akamnusa shingo. Kisha akainua macho ukutani. Alitazama muda wa mtu kuhesabu mpaka nane. Akakishusha, akagusa uzi mmoja, na chombo kikatoa mlio wa puani, kama mzee mwenye mafua.

"Mvua ilikuwa nyingi, mama," alisema Anena. "Limeshikwa na baridi."

Nasike alimtazama. "Vita ni vibaya," alisema. Akakaza nyuzi, akapiga. Akaendelea kupiga miaka arobaini na minne.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Tangu wiki ile Nasike aliingiwa na wazimu wa makaa. Alinunua gunia, akaliweka chini ya kitanda chake, na halijafika nusu analeta jingine. Kila jioni aliita kutoka chumbani, "Sajini! Makaa yapo?" na Anena akajibu, "Yapo, mama." Walipohama kambini kuja Kinawataka, kitu cha kwanza kushuka kwenye gari kilikuwa gunia, halafu kitanda. Wajukuu walipoanza kazi wakamnunulia jiko la gesi. Alilishukuru sana, akalitandikia kitambaa, akaweka juu yake picha ya marehemu mumewe, akatuma mtu makaa.

Anena aliumia. Aliona ni kusimangwa. Mke gani huyu anaulizwa makaa kila siku, kama mtoto anayeulizwa kama amenawa? Alimlalamikia Lawrence, na kwa bahati mbaya mara nyingi kwa upande wa sikio lililostaafu.

"Ni uzee, Mama Teresa," Lawrence alisema aliposikia.

"Uzee gani? Alianza na miaka arobaini na minane!"

Mwaka jana, akiwa na miaka tisini na miwili, Nasike alilazwa hospitali ya Mulago. Wodini aliimba mchana kutwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajifunza kuitikia kwa Kibukusu bila kujua wanakubaliana na nini. Siku ya mwisho alimshika Anena mkono.

"Sajini."

"Naam, mama."

"Makaa yapo?"

"Yapo, mama."

Akafumba macho. Mazikoni mchungaji alihubiri saa nzima kuhusu makaa ya imani yasiyozimika, watu wakalia. Teresa, aliyekuwa sasa mama mzima wa miaka arobaini na mitano na mkubwa wa ofisi, akayachapisha maneno yale kwenye fulana.

Ndiyo hali ilivyokuwa wiki ile ya kumbukumbu. Teresa alikodi hema na viti mia mbili, akatoa kijitabu cha rangi. Ukurasa wa tatu ulisema marehemu alikabidhiwa litungu na baba yake mzazi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa ratiba, na namba saba ilisema: Mkwe, Mama Anena, anakabidhi Litungu la Babu kwa Mjomba Masinde.

Aryemo, binti wa Teresa, alikuja jikoni macho mekundu. Huyo ndiye aliyefundishwa na Nasike kupiga. Vidole vyake vilikuwa na sugu mahali palepale pa bibi.

"Jaja, bibi yangu, ongea nao. Wewe watakusikiliza. Likienda Bungoma mimi nitapiga nini? Nitapiga simu?"

Anena alimpapasa kichwa. Hapo angeweza kusema: mjukuu wangu, lile halina kwao Bungoma, kwao ni Nakawa kwenye vigoda. Badala yake, Mama Subira akasema, "Tusubiri, mwanangu. Mungu ana njia."

Njia za Anena mwenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuomba basi la Bungoma lizuiwe mpakani. Aliomba siku nne, na Jumamosi saa mbili asubuhi Mjomba Masinde akaingia na fimbo yake, miaka themanini na minane, mkavu kama ubao, kofia mpya, akasema mpakani hajawahi kupita upesi namna ile. Ya pili ilikuwa lesu, zile kanga zake. Alilivika litungu lesu nne, moja juu ya nyingine, akafunga mafundo saba ya kubana. Mawazo yake ni kwamba mzee wa umri ule hatafungua mafundo saba kabla ya kufika kwake, na akifika kwake, Anena atakuwa Kampala. Darasa la nne mpaka mwezi wa sita, ndipo akili yake ilipoishia.

"Umelifunga kama maiti," alisema Lawrence.

"Ni heshima."

"Ni nini?"

"Heshima!"

"Sawa. Mimi nilidhani ni litungu."

Namba sita ilikuwa kwaya. Namba saba, Anena alisimama na furushi mikononi, viti mia mbili vikimtazama, akatembea mpaka mbele ya mzee, akapiga magoti. Emsii akasema kwenye spika kwamba hii ni historia. Masinde alilipokea, akaliweka magotini, akaanza kulipapasa juu ya lesu. Uso wake ukakunjamana kidogo.

"Nataka kulisikia," alisema.

"Mjomba, utalisikia nyumbani," alisema Anena upesi. "Safari ni ndefu. Vumbi."

"Mke wetu, mimi kufika nyumbani sijui kama nitafika. Leo nipo."

Akaanza fundo la kwanza. Vidole vyake vilikuwa vikubwa na vya pole, na hakuwa na haraka yoyote duniani. Fundo la pili. Anena, bado amepiga magoti, alianza kusikia jasho likimteremka mgongoni. La tatu. Emsii akaomba watu wapige makofi, wakapiga. La nne, lesu ya kwanza ikaanguka. Anena aliangalia hema, akaona kamba zake, akafikiria kama mwanamke wa miaka sitini na sita anaweza kuikwaa moja kwa bahati mbaya na kuwaangushia watu wote turubai. La tano. La sita. Aryemo alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Fundo la saba lilikataa. Masinde aliliinamia, akaliuma kwa meno yake mawili.

"Mjomba, acha!" Sauti ya Anena ilipanda kuliko alivyotaka, ikawa ile ya kambini, ya kuamrisha, na emsii mwenyewe akasimama wima. "Acha. Si lenyewe."

Masinde aliinua kichwa, fundo bado mdomoni.

"La baba yenu nililichoma. Mwaka wa vita. Nilipikia maharage. Hili nimelichongesha Nakawa. Mama hakujua, Lawrence hajui, Teresa ameandika uongo kwenye kitabu kwa sababu yangu. Nililichoma lote, mjomba. Na ngozi." Alivuta pumzi, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, yakatoka na ambayo hakuna aliyeuliza. "Na nilitia chumvi."

Lawrence alimgeukia jirani yake. "Amesema nini?"

"Amesema amelipika," jirani alimpigia kelele upande mzuri.

"Amelipika nani?"

Teresa alikuwa amesimama, kijitabu mkononi, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa sabini na tisa hakutoa sauti.

 Masinde alirudi kwenye fundo, akalimaliza. Lesu ya mwisho ikaanguka. Aligeuza chombo, akahesabu nyuzi kwa kidole, akapiga moja, ukatoka ule mlio wa mafua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Anena alidhani analia, akainama kumshika miguu. Mzee alikuwa anacheka.

"Nyuzi nane. Mke wetu, hii ni nyatiti. Ya Wajaluo. Nani alikuchongea?"

"Mzee Ondiek."

"Ondiek! Sasa Ondiek angekuchongea nini?" Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia mpya. "Kaa vizuri, magoti hayo yataharibika. Na wewe, mwanangu mwenye kitabu, kaa. Baba hakumpa Nasike litungu. Baba hakumpa hata uzi. La baba liko kwangu, linaning'inia juu ya kitanda, mwanangu wa tatu ndiye anapiga. Mimi nilikuja kuangalia hili mnaloniambia ni la baba ni lipi, maana mlivyoandika kwenye simu nilishangaa."

"Lakini alisema..." Teresa alianza.

"Alisema ili wanaume wamwache. Lile alilokuja nalo tulilichonga mimi na yeye, nyuma ya zizi, tukijificha. Bakuli tuliiba kwa mama, lile lake la mti la kuwekea ugali. Mama alilitafuta mwaka mzima. Alimpiga mbwa." Aligeuka kwa Anena. "Kwa hiyo unalia nini? Lilitoka jikoni, likarudi jikoni."

Watu wakaanza kucheka, kwanza nyuma, halafu hema lote. Anena hakuweza. Miaka arobaini na mitano alikuwa amebeba jeneza la babu wa watu, na ndani yake mlikuwa na bakuli la ugali.

"Mama hakujua," alisema kwa sauti ndogo. "Alikufa hajui. Sikumwambia."

Masinde aliacha kucheka.

"Nani alikuambia hakujua? Krismasi ya mwaka uleule alikuja nyumbani. Akaniambia, Masinde, Sajini amepika litungu. Nikasema, umempiga? Akasema, nimpige vipi, nimemkuta mtoto amenona. Akasema, bakuli la mama limelipwa. Unajua alipokuja kumzika mama alilia sana kwa ajili ya lile bakuli? Hakuwahi kumwambia. Nikamshauri, basi mwambie huyo binti kwamba unajua, umpunguzie. Akakataa. Alisema, mimi nilimficha mama mpaka akafa, najua ladha yake. Neno la namna hii mtu hulileta mwenyewe likiiva. Nitamsubiri."

Mzee aliikunja lesu moja magotini.

"Nikamuuliza, na kwa sasa utafanya nini? Akasema, nitanunua makaa."

Hakuna aliyecheka. Mstari wa mbele wote ulikuwa umevaa fulana za Teresa, na kwenye kila kifua yaliandikwa yale maneno ya Mulago, makubwa, ya rangi ya chungwa: Makaa yapo? Anena aliyatazama kifua baada ya kifua. Kila jioni. Kila jioni aliitwa, na kila jioni alijibu "yapo", akageuza uso, akanuna. Hata siku ile ya mwisho aliulizwa, na mkono ukiwa ndani ya mkono, akajibu habari za gunia.

Subira, basi, ilikuwamo katika nyumba ile. Ila watu wa Kinawataka walikuwa wamempa jina asiyehusika.

"Yapo, mama," alisema, hakuna anayemsikia, na hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakikumpa nafasi ya kutafuta chumvi.

Lawrence alikuja akamshika bega. Alikuwa ameelezwa na watu watatu, kwa zamu. "Kwa hiyo yale maharage niliyoyakuta niliporudi kutoka Jinja..."

"Ni ya gunia lilelile."

Lawrence alifikiri. "Yalikuwa mazuri," alisema.

Emsii, aliyekuwa amepoteza ukurasa, aliuliza kama namba saba imekamilika au inaendelea. Masinde alisema haijakamilika. Akamwita Aryemo, akamwekea chombo mikononi.

"Hili mimi nilipeleke wapi? Nikifika Bungoma na nyatiti kwapani wataniuliza nimeoa Kisumu? Bibi yako amelipiga miaka arobaini na minne. Ni la hapa. Piga."

Aryemo alipiga. Alipiga ule wimbo wa Teresa, aliotungiwa akiwa na siku tano, na Teresa akaanza kulia kwa sauti, jambo lililomtuliza Anena, kwa kuwa alijua mtoto akilia ni mzima.

Ratiba ilisema chakula kinaletwa na kampuni, wali na kuku, kwenye masufuria yanayong'aa. Masinde aliangalia sahani yake kwa heshima, akaisogeza.

"Mke wetu. Mimi nimesafiri usiku kucha. Huwezi kunipikia yale?"

"Mjomba, yatachukua saa tatu kuiva."

"Nimesubiri mpakani kwa muda mfupi, nina akiba."

Anena aliingia chumbani kwa Nasike, akapiga magoti, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, limeshonwa kwa uzi mwekundu wa marehemu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeligusa. Aliukata uzi. Akawasha sigiri uani, karibu na hema, akabandika sufuria, akakaa kwenye kigoda akipepea, akiwa na masizi mpaka kwenye paji la uso. Aryemo alisogea na chombo chake, akakaa kando yake, akaendelea kupiga polepole huku maji yakianza kuvuma.

Masinde aliwatazama kutoka kwenye kiti chake. Alitazama sufuria, akatazama chombo, akapima kwa jicho umbali uliokuwa katikati.

"Aryemo, mjukuu wangu," aliita, akiinua fimbo. "Sogea huku kidogo. Makaa yapo, nimeyaona. Lakini Sajini yule tunamjua."

Anena aliinua upepeo wake, akamwelekezea mzee kama mtu anayeamrisha gwaride.

"Kaa chini haraka!" alisema. "Kula, hakuna kuongea!"